Namba Yangu Ilivyomfanya Mlinzi wa Shamba Aitwe Mwizi

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Tabata Segerea. Mwaka 2011 yeye na walimu wenzake kumi walichanga fedha, wakanunua ardhi Mufindi na kuanza kupanda mipaini. Watu wengi wa Dar wamefanya hivyo. Unafanya kazi mjini, miti inakua kule nyanda za juu kusini, na unajiambia kwamba siku ya kustaafu utaikuta imesimama inakungoja. Hadi 2016 walikuwa na ekari 58, vipande tisa, vilivyopandwa kidogo kidogo kadiri mishahara ilivyoruhusu.

Mimi nimesomea takwimu. Kazi yangu ni kuchambua data za tafiti za kaya, na ofisi yetu iko Mikocheni. Misitu sijaisomea hata siku moja. Februari 2022 Shangazi aliniita Jumapili, tukala, kisha akaniambia, "Mwanangu, namba ndiyo kazi yako. Tupigie hesabu. Hii miti ikifika miaka kumi na minane itatupa nini?"

Nilikubali palepale. Nilimpenda, nilitaka kumfaa, na kichwani niliona kazi ya wiki mbili: pima miti ya umri mbalimbali, chora mstari wa ukuaji, uupeleke mpaka mwaka wa 18. Ninaandika haya kwa ajili ya kijana mwingine mwenye shahada ya takwimu atakayeombwa jambo kama hili na ndugu zake. Makosa yangu hayakuishia kwenye karatasi. Yalimgusa mtu.

Juni 2022 nilichukua likizo ya siku tano, nikapanda basi kwenda Mafinga. Safari ile ilinigharimu kama laki saba: nauli, gesti, posho ya vijana wawili wa kunisaidia, na tepu ya kupimia kipenyo. Kifaa cha kupimia urefu wa mti nilikiazima. Kijijini alinipokea mlinzi wa shamba, mzee mtaratibu aliyekuwa na miti ile tangu ikiwa miche ya kiganjani. Alinitembeza kwa fahari. Kila nilipomuuliza tuingie wapi, alinionyesha mahali, nami nikaweka pale duara langu la sampuli.

Duara la nusu kipenyo cha mita 11.28 lina eneo la mita za mraba 400, yaani sehemu moja ya ishirini na tano ya hekta. Unasimama katikati, unavuta kamba, kila mti ulio ndani unaupima unene kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Kimo hicho kinafuatwa na wapima misitu karibu dunia nzima. Nilipima maduara 24, miti 1,437. Ya kikundi ilikuwa na umri wa miaka 6 hadi 11, nikaongeza mashamba ya majirani yaliyofika miaka 14 ili nipate umri mkubwa zaidi.

Niliharibu mambo madogo hapohapo porini. Mufindi ni milima, na mimi nilivuta kamba kufuata mteremko. Duara linalopimwa hivyo kwenye mteremko wa nyuzi 20 linakuwa dogo kwa asilimia 6 likihesabiwa kwa ardhi tambarare, wakati hekta za ramani zote ni za tambarare. Kwenye mteremko huo ilinipasa niongeze kamba hadi mita 12 kuelekea juu na chini. Pia kijana mmoja alikuwa anazungusha tepu ikiwa imelala upande, na tepu iliyopinda husoma zaidi sikuzote, haisomi pungufu hata mara moja. Unaweza kuona sentimita moja si kitu. Lakini ujazo wa mti unafuata mraba wa kipenyo: ukikosea kipenyo kwa asilimia 5, eneo la shina limekosewa kwa asilimia 10. Na jambo lililonigharimu mwaka mzima baadaye: sikupaka miti rangi wala kuandika namba. Niliondoka bila kuacha alama ya kunirudisha kwenye miti ileile.

Nyumbani Kimara nilikaa usiku kadhaa na programu ya takwimu iitwayo R. Nilitafuta mlinganyo uliokwisha kuchapishwa wa kugeuza kipenyo na kimo cha mpaini kuwa ujazo, nikapata ujazo wa kila mti. Kisha nikaweka logi (logarithimu) ya ujazo dhidi ya logi ya umri na kupitisha mstari. R mraba, kipimo cha jinsi mstari unavyoeleza data, 1 ikiwa kamili, ikatoka 0.78. Aliyezoea data za kaya atanielewa. Sisi tukipata 0.2 au 0.3 tunashukuru, na hapa nilipata 0.78 kwa jaribio la kwanza! Niliona miti ni viumbe wa kweli kuliko wanadamu, haifichi kipato chake. Nikaupeleka mstari mpaka miaka 18, nikazidisha kwa idadi ya miti niliyoihesabu kwa hekta, nikapata meta za ujazo 410 kwa hekta. Kompyuta ikaniambia kosa la namba hiyo ni 9 juu au chini.

Agosti tulikutana sebuleni kwa Shangazi, walimu wote kumi na mmoja. Niliwaandikia 410 kwenye karatasi ya manila. Hiyo 9 sikuitaja hata kidogo, kwa kuona ni ndogo mno kuwasumbua nayo. Mwenyekiti alinukuu namba ile kwenye daftari lake la mihutasari na kuipigia mstari mara mbili. Mwalimu mmoja, kwa kuiamini, alikopa SACCOS akaongeza ekari nane.

*

Septemba 2023 kikundi kilikuwa na mahitaji ya fedha. Wakaamua kuvuna ekari mbili katika kipande cha kwanza, kilichokuwa kinakaribia miaka 12. Hawakuuza miti ikiwa imesimama. Waliita wenye mashine ndogo ya kupasulia, zile ambazo kusini watu huziita ding-dong, na kijana mmoja wa kijijini akalipwa kupima kila gogo kabla ya kupasuliwa: urefu wake, na kipenyo cha katikati. Kwa hesabu zangu ekari mbili zilitakiwa kutoa meta za ujazo 195. Zilitoka 138.

Namba ikipungua kwa zaidi ya robo, watu hutafuta nani kachukua. Aliyekuwa karibu na miti ni mlinzi. Sikuwepo, lakini Shangazi alinisimulia: kikao cha dharura, simu kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee akaitwa ofisi ya kijiji kujieleza miti mingine imekwenda wapi. Alisimamishwa kazi. Uthibitisho pekee dhidi yake ulikuwa daftari la mihutasari lenye namba yangu iliyopigiwa mstari mara mbili.

Niliposikia sikulala. Kwa siku mbili za mwanzo, lazima niseme ukweli huu, na mimi nilimshuku. Nilisema moyoni: 195 toa 138 ni 57, na kosa langu ni dogo, basi iko namna. Nilikuwa nimeiamini ile 9 kuliko mtu aliyelala porini miaka kumi na miwili akizima moto.

Siku ya tatu nilijiuliza swali ambalo mtu yeyote wa kijijini angeniuliza mapema: visiki vinasemaje? Mti ukiibwa unaacha kisiki. Novemba, kabla mvua hazijakolea, nikarudi Mufindi kwa fedha zangu. Nilihesabu visiki ekari zote mbili, mstari kwa mstari, nikiweka chokaa kila nilichokihesabu. Idadi ya visiki ililingana na miti iliyotoa magogo ya daftarini. Hakuna kisiki cha zamani, hakuna kilichofunikwa. Hapakuibwa mti hata mmoja.

Nilimkuta mzee kwake. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba namba iliyomshtaki ni yangu, na imekosea. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Binti, wewe ulipima pale nilipokupeleka. Mimi nilikupeleka kwenye miti ya kando ya barabara kwa sababu ndiko nilikopalilia vizuri zaidi. Nani anamwonyesha mgeni shamba baya?"

Sentensi ile ilibeba somo lote la upendeleo wa sampuli. Miti ya ukingoni hupata mwanga upande mmoja bila ushindani, hunenepa. Ile ya karibu na njia hupaliliwa kwanza na kurudishiwa miche iliyokufa kwanza. Kule ndani bondeni, ambako sikufika, miche mingi haikushika, na kwenye kilele chenye udongo mwembamba mipaini ilikuwa imedumaa. Nilijua kanuni hii tangu mwaka wa kwanza chuoni. Kwenye tafiti za kaya nisingekubali kamwe mjumbe wa mtaa anichagulie nyumba za kuhoji. Porini niliisahau, kwa kuona miti yote ni kijani.

Kikundi kilimrudisha kazini na kumlipa miezi aliyokosa. Shangazi mwenyewe alisafiri kwenda kumwomba radhi. Nilichangia laki mbili. Nilijua kwamba haziondoi aibu ya kuitwa ofisi ya kijiji mbele ya wajukuu.

*

Miezi ya mwanzo wa 2024 niliitumia kuifumua kazi yangu ya zamani. Ninaieleza kwa urefu, maana hapa ndipo wenzangu wa takwimu wataumia kama nilivyoumia.

La kwanza ni ile 9. Niliihesabu kana kwamba nina mashahidi 1,437 wasiojuana. Miti iliyo ndani ya duara moja inakula udongo mmoja, imepandwa siku moja, kwa mbegu ya gunia moja. Ukipima mti wa kwanza na wa pili, wa hamsini haukwambii mengi mapya. Kwa kweli nilikuwa na maduara 24, na maduara yenyewe yametoka kwenye mashamba machache. Ingenipasa tangu mwanzo kutumia modeli yenye ngazi, inayoliachia kila shamba na kila duara tofauti yake ya nasibu. Kwenye R kuna vifurushi vya bure vya kazi hiyo, kama nlme na lme4. Nilipoirudia hivyo, ile 9 ilizidi mara kadhaa. Tathmini kubwa ya misitu ya taifa, NAFORMA, iliyotupa hesabu ya hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania bara, nayo ilipanga maduara yake kwa makundi. Waliofanya vile walijua kwamba majirani hufanana.

La pili ni kuzidisha kwa idadi ya miti ya leo. Mipaini hii ilipandwa kwa nafasi ya mita mbili kwa mbili, yaani 2,500 kwa hekta, na wenyewe hawakutaka kuipunguzia. Mwalimu ukimwambia akate miti yenye afya ili mingine inenepe anaona unamtia hasara. Lakini miti haipatani ikikua. Mwaka 1933 Mmarekani Reineke alionyesha uhusiano kati ya unene wa wastani na idadi ya miti ambayo ardhi inaweza kuibeba. Kipeo chake ni hasi 1.605. Maana yake unene wa wastani ukiongezeka mara mbili, idadi inayoweza kuishi inashuka hadi kama theluthi moja. Mimi nilinenepesha kila mti mpaka miaka 18 bila kuua hata mmoja.

La tatu ni majirani wenye miti ya miaka 14. Niliwatumia kama picha ya baadaye ya miti yetu. Sikuuliza kwa nini shamba lao limefika miaka 14 wakati mengi kijijini huuzwa mapema, ada za shule zikibana, au huungua. Yaliyofika ni yale yaliyolimiwa kinga ya moto kila kiangazi, yakapogolewa, yakapunguziwa, mwenyewe akiwa na kipato kingine. Kwingine mambo huweza kuwa kinyume: mazuri huuzwa kwanza yakabaki yaliyodumaa. Vyovyote iwavyo, kupima shamba la miaka 6 na jingine la miaka 14 siku moja si kupima ukuaji wa miaka minane. Hayo ni mashamba mawili yenye historia mbili. Ukuaji unapimwa kwa kurudi kwenye mti uleule.

Lipo kosa lililokwenda upande wa pili, nalo lilisaidia kuyaficha mengine. Ukipitisha mstari kwenye logi kisha ukarudisha jibu kuwa meta za ujazo, unapata kitu kinachokaribia mti wa katikati badala ya wastani, nacho ni kidogo kuliko wastani. Marekebisho ya kawaida ni kuzidisha kwa namba inayotokana na nusu ya mraba wa mchepuko wa mabaki, yaani jinsi miti inavyotawanyika kuuzunguka mstari. Mchepuko wangu ulikuwa 0.40, hivyo nilipaswa kuongeza asilimia 8. Yaani bila kosa hili, 410 ingekuwa kubwa zaidi! Makosa yanapofutana hivi unaona jibu linaelekea kuwa la maana na unaacha kuchungulia.

Nilijaribu pia kujinusuru kwa mlinganyo mzuri zaidi. Nilichukua ule wa Chapman-Richards, wenye umbo la herufi S iliyonyooshwa: mti unaanza polepole, unakimbia, kisha unaelekea kwenye kikomo. Wataalamu wa misitu wanaupenda kwa sababu una kikomo. Data zangu za miaka 6 hadi 14 zikanipa kikomo cha kimo cha mita 71, na kosa sanifu, yaani kipimo cha kutokuwa na uhakika, kubwa kuliko kikomo chenyewe. Mti mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika, mkukusu wa Kilimanjaro, una mita 81.5. Mpaini wa shamba la walimu hauwezi kumkaribia. Modeli haikuwa na hitilafu: niliiuliza juu ya uzee wa miti wakati niliionyesha utoto tu, nayo ikabuni.

*

Mwaka huo treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro. Julai nikapanda asubuhi kwenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro, kumwona mwalimu wa misitu niliyeunganishwa naye. Nilimfikia na kompyuta yenye milinganyo sita. Hakuifungua kwanza. Aliniuliza: nani alichagua maduara, nani alishika tepu, miti iliyokufa umeiandika wapi? Sikuwa na jibu la hata moja lisilonitia aibu. Kisha akaniambia jambo ambalo ningelipa mamilioni kulisikia 2022: umbo la mkondo wa ukuaji likope kwa waliopima mipaini hiyo miaka mingi mpaka ikazeeka, kiwango chake kiweke kwa data zenu. Kwa kiwango, tazama kimo cha miti minene kuliko yote, ile 100 ya hekta, ambayo kwenye duara langu ni minne. Kimo cha miti hiyo katika umri fulani hakiathiriwi sana na kubanana, kwa hiyo kinasema juu ya udongo na mvua zaidi ya unene unavyosema.

Agosti 2024 nilirudi Mufindi kwa mara ya tatu. Gharama ilifika milioni moja na laki tatu, safari hii kikundi kikalipa nusu. Nilitupia ramani gridi ya nukta kila mita 88, nukta ya kwanza ikichaguliwa kwa bahati nasibu, nikapata maduara 30, kama asilimia 5 ya eneo lote. Nilikwenda kila nukta ilikoangukia. Moja iliangukia kwenye matete ya bondeni, hakuna mti hata mmoja. Vijana walitaka tusogee kidogo. Tulikaa palepale, tukaandika sifuri. Sifuri ile ilikuwa data ya thamani kuliko maduara kumi ya barabarani, na mzee mlinzi ndiye aliyeielewa kwanza. "Hapa ndipo miche ilipokufa 2013," akasema, tukaandika na hilo.

Kila mti ulipata namba ya rangi, na mstari mwembamba kwenye mita 1.3, upande wa juu wa mteremko, ili tepu irudi palepale. Tuliandika kwa penseli kwa sababu 2022 mvua moja ilinifutia kurasa mbili za wino. Miti iliyokufa ikapewa namba zake. Jioni tulirudia kupima mti mmoja kati ya ishirini bila kutazama kipimo cha mwanzo, tujue mikono yetu inakosea kiasi gani.

Agosti 2025 tukarudi mwezi uleule, maana mti hukua kwa msimu wa mvua na mwaka usio kamili hudanganya. Miti kadhaa ilikuwa "imepungua" unene. Kishawishi cha kuifuta ni kikubwa, maana mti haupungui hivyo. Usiifute. Mkono uliokosea ukaleta hasi kwa mti huu umekosea ukaleta chanya kubwa mno kwa mti ule, na hiyo chanya huioni kwa macho. Ukifuta hasi peke yake, wastani wa ukuaji wote unapanda bila mti kukua. Niliacha zote, isipokuwa mbili ambazo daftari lilionyesha wazi tarakimu zimegeuzwa.

Modeli ya mwisho niliipima kwa kuficha shamba zima, kuikadiria bila shamba hilo, kisha kulitabiri. Nilipoficha miti mmojammoja kosa lilikuwa kama asilimia 12. Nilipoficha shamba zima likawa 27. Hiyo ya pili ndiyo kweli kwa mtu anayeuliza juu ya shamba lake.

Kabla ya kuwarudia walimu nilipita Buguruni kwa wauza mbao, jambo lililonichukua asubuhi moja na ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kabisa. Nilimwonyesha mmoja jedwali langu la meta za ujazo. Akaniuliza zitatoka mbili kwa nne ngapi na mbili kwa sita ngapi. Sikujua. Akanieleza kwamba gogo jembamba linaishia mabanzi na maranda, na kwamba hekta mbili zenye ujazo uleule, moja ya miti mingi myembamba na nyingine ya miti michache minene, kwake ni mali mbili tofauti. Nilirudi nyumbani nikabadili modeli itoe mgawanyo wa vipenyo, mingapi ina sentimita chini ya 15, mingapi 15 hadi 20, mingapi zaidi. Ndipo suala la kupunguzia miti lilipoanza kuwaingia walimu, walipoona safu ya miti minene ilivyo fupi.

Oktoba 2025 tulikutana tena sebuleni kwa Shangazi. Nilianza kwa kueleza mbele ya wote nilikokosea, na nikamtaja mzee mlinzi kuwa ndiye aliyenifundisha. Kisha kila mwalimu akapata karatasi yake yenye hesabu za kila kipande: makisio ya kati kwa miaka 18, namba ya chini, namba ya juu. Kwa kikundi kizima wastani ni kama 290 kwa hekta. Kwa kipande kimoja kimoja inaweza kuwa 200, inaweza kuwa 390. Chini niliandika kwa herufi kubwa kwamba moto haumo katika hesabu hizi.

Mwalimu aliyekopa SACCOS aliitazama karatasi yake muda mrefu, akaniuliza kama asimamie ile ya chini kwenye mipango yake ya marejesho. Nikamwambia ndiyo, asimamie ya chini. Sikuwa na neno zuri zaidi la kumpa, na ninaumia kila ninapokumbuka alivyoikunja karatasi ile na kuiweka kwenye mkoba.

Mwenyekiti alifungua daftari la mihutasari, akakata ile 410 ya zamani kwa mstari mmoja. Akaandika namba tatu pembeni yake, akauliza tarehe ya kupima tena. Nikamtajia Agosti 2026. Shangazi akasema safari hiyo na yeye atakwenda, ashike daftari, na mzee mlinzi ashike tepu.